Chuma Katika Damu na Riziki ya Vijidudu vya Maradhi

Katika Kurani Tukufu iko sura iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma, nayo ni ya 57. Ndani yake, katika aya moja, Mwenyezi Mungu ametaja pamoja mambo matatu aliyowaletea wanadamu: Kitabu, Mizani na chuma, tena amebainisha kwamba chuma kina ukali mkubwa, na papo hapo kina manufaa kwa watu. Wafasiri wa zamani walipofika hapa walitaja upanga, ngao, jembe na msumari, na walisema kweli, kwani hicho ndicho chuma walichokijua. Lakini msomaji mwenye kufikiri huenda akajiuliza kwa nini chuma kimewekwa ubavuni mwa mizani. Katika kurasa hizi nataka kumwonyesha chuma kingine, kisichofuliwa na mhunzi wala kuonekana kwa jicho, nacho kimo ndani ya damu ya kila asomaye maneno haya. Juu ya chuma hicho pana vita usiku na mchana, na mizani yake ikipotoka kidogo tu, upande huu au ule, mtu huugua au hufa.

Mimi si tabibu. Niliyofundishwa katika chuo cha dini ng'ambo ni tafsiri, hadithi na fikihi. Haya ya maradhi nimeyapata kwa kusoma vitabu vya wataalamu na kuwauliza madaktari waaminifu. Nimelazimika kuyatafuta kwa sababu ya swali ambalo watafutao haki hunijia nalo mara kwa mara, nao huliuliza kwa moyo mzito. Husema: Ninyi mnahubiri kwamba Mungu ni Rabbul-aalamin, Mlezi wa walimwengu wote, na kwamba riziki ya kila kiumbe iko kwake. Je, bakteria wa kifua kikuu naye analishwa na Mungu? Na kama analishwa, mbona meza yake imeandaliwa katika pafu la mtoto wangu?

Sipendi swali hili lijibiwe kwa kukemewa. Aliuguzaye mtoto ana haki ya kuuliza, na mwenye dini ya kweli haogopi kuulizwa. Lakini kabla ya kujibu yatupasa tuifahamu meza yenyewe ilivyo.

Bakteria ni kiumbe cha chembe moja tu, mdogo hata maelfu yao waweza kukaa juu ya ncha ya sindano. Walio wengi hawana ubaya. Wako wakaao katika mizizi ya kunde na maharagwe wakairutubisha ardhi, na wako wasiohesabika matumboni mwetu ambao pasipo wao tungepata taabu. Ni kundi dogo tu liletalo ugonjwa, nalo likiisha kuingia mwilini halina shamba wala ghala. Sukari, mafuta, protini na madini halina budi kuvitoa kwa mwenye nyumba. Bakteria aitwaye Escherichia coli, akipata kila anachokitaka, hujigawa mara moja katika kila dakika 20. Fanya hesabu, ndugu msomaji: mmoja akianza asubuhi, baada ya saa nane wamekuwa zaidi ya milioni 16. Nasi hujikwaruza kwa miiba, hujikata kwa visu, watoto wetu hucheza matopeni, wala hatufi kila jioni. Miongoni mwa sababu za kuokoka kwetu ni hii, kwamba wageni hao wanapoingia hukuta nyumba imejaa chakula, na chakula chenyewe kimefungiwa.

Kitu kinachofungwa kwa uangalifu mkubwa kupita vyote ni chuma. Mwili wa mtu mzima una chuma kiasi cha gramu 3 hadi 4, uzito wa msumari mdogo. Sehemu kubwa, yapata theluthi mbili, imo katika hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu ichukuayo hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Chembe nyekundu ya damu huishi siku kama 120, na ikichakaa, chembe walaji zilizomo katika wengu na ini huivunja, huokota chuma chake na kukirudisha uboho itengenezwe chembe mpya. Kwa njia hii miligramu 20 hadi 25 za chuma huzunguka kila siku, hali chakula tulacho hutuongezea miligramu moja au mbili tu. Hakuna mhunzi aliye bahili wa chuma chake namna hii.

Katika maji ya damu chuma hakiachwi kikazurura. Iko protini iitwayo transferini, ambayo kila moja yaweza kubeba chembe mbili za chuma, na kwa kawaida theluthi moja tu ya nafasi zake ndiyo iliyojaa. Maana yake, chuma chochote kikiponyoka, mikono mitupu iko tayari kukidaka. Ulinzi huu una faida mbili: chuma kikiachwa huru chenyewe huunguza chembe za mwili, na tena kingekuwa karamu ya bakteria. Katika machozi, mate, kamasi na maziwa ya mama iko protini ya namna hiyo hiyo, laktoferini, inayokishika chuma kwa nguvu zaidi.

Jambo hili lilianza kujulikana kwa njia ya yai. Mwaka 1944 wachunguzi wawili wa Marekani, Arthur Schade na Leona Caroline, walieleza kwamba ute mbichi wa yai la kuku huwazuia bakteria, wakiwemo wale wa kuhara damu, wasiongezeke. Walijaribu kutia madini namna namna ili waone ni lipi litakalouondoa uwezo huo wa ute, na lililouondoa likawa chuma. Ndani ya ute mlikuwamo protini inayokamata chuma, na bakteria walikuwa wakifa njaa. Miaka miwili baadaye wachunguzi hao wakaikuta protini ya jamii hiyo katika damu ya mwanadamu. Hebu tafakari hapo. Kifaranga amefungiwa gizani, hana mdomo wa kujitetea, na gamba la yai lina matundu madogo yapitishayo hewa, hivyo adui aweza kupenya. Chuma cha kumjenga kimewekwa katikati, katika kiini; na kiini kimezungukwa pande zote na ute usio na chuma cha kuibwa. Nimevunja mayai mengi maishani mwangu bila ya kujua kwamba navunja ngome.

Mwili wa mtu hauishii hapo. Bakteria wakiingia, ini hutoa ujumbe uitwao hepsidini, uliogunduliwa karibu na mwaka 2000. Ujumbe huo hufunga milango ambayo chuma hupitia kutoka matumboni na kutoka katika zile chembe walaji, na katika muda wa saa chache chuma cha damuni hupungua sana. Mtaalamu Eugene Weinberg wa Chuo Kikuu cha Indiana, katika miaka ya 1970, aliupa ulinzi huu jina lenye maana ya kinga kwa njia ya chakula, yaani adui anashindwa kwa kunyimwa. Zinki na manganizi navyo hufichwa vivyo hivyo. Hata homa ina sehemu yake: mwaka 1972 mchunguzi Garibaldi alionyesha kwamba bakteria wa jamii ya Salmonela wakipashwa joto kama la homa hushindwa kutengeneza vyombo vya kunasia chuma. Simaanishi kwamba mgonjwa wa homa aachwe bila dawa, la hasha. Homa kali humuua mtoto. Nasema tu kwamba jambo tulilolidhani ni uharibifu mtupu lilikuwa na kazi.

Sasa tuutazame upande wa pili, nao unastaajabisha si haba.

Bakteria wengi hutengeneza ndani ya miili yao vitu vidogo vinavyoitwa sideroforo, yaani vichukua chuma. Huvitoa nje kama mvuvi atupavyo nyavu. Kimoja kati ya hivyo, enterobaktini, ambacho makundi mawili ya wachunguzi yalikieleza mwaka 1970, hukishika chuma kwa nguvu hata transferini hunyang'anywa iliyokuwa imekibeba. Kisha bakteria huuvuta wavu wake ndani pamoja na windo. Bakteria wa kifua kikuu ana wavu wake mwenyewe, mikobaktini. Huyu ana ujasiri wa namna yake: humezwa na chembe mlinzi iliyokusudiwa kumuua, naye akakaa mumo humo kama mpangaji asiyelipa kodi, akila mafuta ya kolesteroli ya chembe hiyo na kuchota chuma chake.

Je, mwili haukupewa jibu? Umepewa. Mwaka 2002 ilielezwa kwamba chembe za ulinzi hutoa protini nyingine, siderokalini, ambayo haikamati chuma bali hukamata wavu wenyewe. Enterobaktini ikipita, hunaswa nayo, na bakteria hubaki akingoja wavu usiorudi. Lakini Salmonela, na miongoni mwao yumo bakteria wa homa ya matumbo, hujibu tena: huipachika enterobaktini vipande vya sukari, umbo lake likabadilika, na siderokalini isiweze kuishika. Msomaji aliyewahi kutazama wachezaji hodari wa bao ataelewa nasema nini. Hapana hatua isiyo na kinyume chake.

Wengine hawapotezi muda kwa nyavu. Bakteria wa kisonono, na ndugu yake aletaye homa ya uti wa mgongo, wana vishikio juu ya ngozi yao vinavyoikamata transferini yenyewe na kuipora chuma chake, nao huitambua transferini ya mwanadamu, si ya wanyama walio wengi. Stafilokoko wa majipu hupasua chembe nyekundu za damu kwa sumu, akaidaka hemoglobini na kuing'oa chuma chake. Na yuko mmoja, bakteria wa ugonjwa wa Lyme uletwao na kupe huko Ulaya na Marekani, ambaye ameuacha mchezo wote: mwaka 2000 ilithibitika kwamba yeye hahitaji chuma; hutumia manganizi badala yake. Nyumba imefunga ghala la mahindi, naye amejifunza kula muhogo.

Tumeiona meza, sasa turudi kwenye swali.

Nasema waziwazi: ndiyo, bakteria naye yumo katika walimwengu wanaolelewa na Mwenyezi Mungu. Sifa ya Rahman ni kutoa bila ya kuombwa na bila ya kustahiliwa. Mvua yake hunyeshea mahindi na magugu pamoja, na jua lake humwangazia amwaminiye na amtukanaye. Lakini kulishwa si kupewa ruhusa ya kuharibu, na mkulima anayeng'oa magugu hapigani na mvua. Yeye aliyeyapa magugu mizizi ndiye aliyempa mkulima mikono na jembe. Hali kadhalika, aliyempa bakteria wavu ndiye aliyeupa mwili transferini, laktoferini, hepsidini na siderokalini, kabla mtoto hajajua hata kutamka jina la Mola wake. Hakuna aliyeachwa mikono mitupu.

Wapo watakaosema: Ingekuwa heri zaidi kama damu isingekuwa na kitu cha kuibwa. Atakaye hivyo hajafikiri mpaka mwisho. Chuma kile kile anachokitamani bakteria ndicho kinachompa mtoto nguvu ya kukimbia, na ndicho kimpacho mama mjamzito uwezo wa kubeba viumbe wawili. Kitu hakiwezi kuwa na manufaa makubwa namna hiyo kisitamaniwe. Basi Mwenyezi Mungu hakutunyima chuma ili tusiibiwe. Ametupa chuma pamoja na walinzi. Tena walinzi hao hawakuwekwa mara moja wakasahauliwa. Mwaka 2014 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Utah, wakilinganisha transferini ya mwanadamu na ya nyani na sokwe, waliona kwamba katika mamilioni ya miaka imebadilika zaidi hasa pale ambapo bakteria huishikia. Asiyeamini huona humo vita tu. Mimi naona malezi yanayoendelea, kwani maana ya Rabb ni yeye aleaye kitu hatua kwa hatua, wala si yeye aliyetengeneza kisha akaondoka.

Hapa yanipasa kusema na ndugu walioingia katika Islam karibuni. Wengi wao, siku mtoto anapopatwa na homa, huambiwa na jamaa zao kwamba mizimu imekasirika kwa kuachwa, au kwamba Mungu mpya amewakataa. Wengine huambiwa ni majini, na mganga hudai mbuzi mweusi, ubani na ngoma ya usiku kucha, hali mgonjwa anazidi kukonda. Ndugu zangu, Nabii Ayub a.s. alikuwa mpenzi wa Mungu na akaugua maradhi mazito. Ugonjwa si hati ya kufukuzwa. Ama neno jinn, asili yake katika Kiarabu ina maana ya kufichika. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwakataza wafuasi wake kujisafisha kwa mifupa na samadi, akieleza kuwa hivyo ni chakula cha majini. Na wako wanazuoni walioona kwamba hapo panaelekezwa kwenye viumbe vilivyofichika visivyoonekana kwa macho, vilavyo mifupa na samadi, kama walivyo hawa bakteria. Tafsiri hiyo inaniridhisha kuliko hadithi zote za mapango na mibuyu. Na jini wa namna hiyo hataki mbuzi mweusi. Anataka chuma, mafuta na sukari, na akiwa ni yule wa kifua kikuu, hutolewa kwa vidonge vinavyomezwa miezi sita bila kukatiza, wala hasikii ngoma.

Mtume s.a.w. alifundisha kwamba kila ugonjwa umewekewa dawa yake, akawataka watu wajitibu. Mafundisho haya yamethibitika kwa namna ya ajabu katika jambo hili hili la njaa ya bakteria, kwa kuwa ulafi wao umekuwa mlango wa kuwaulia. Mwaka 1940 Frederick Bernheim aliona kwamba bakteria wa kifua kikuu wakipewa salisilati huchangamka na kuvuta hewa zaidi, kama waliopata chakula. Jörgen Lehmann, tabibu aliyekuwa akifanya kazi Sweden, akawaza: na tuwape kitu kifananacho na hicho, lakini kisicholika. Dawa yake, iitwayo PAS, ilitangazwa mwaka 1946, ikawa miongoni mwa dawa za kwanza kabisa zilizomshinda adui huyu. Dawa za salfa, ambazo moja yao imo katika vidonge vya Septrin vijulikanavyo hata vijijini, hufanya kazi kwa hila ya jamii hiyo: bakteria hulazimika kujitengenezea folati, naye hupokea kipande cha bandia akidhani ni cha kweli, hali sisi folati yetu tunaila katika mboga za majani, hivyo hatudhuriki. Na mwezi wa Novemba 2019 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo sefiderokoli, iliyotengenezwa na kuunganishwa na kishika chuma. Bakteria sugu ambao huzifungia milango dawa nyingine huiona hii kuwa ni wavu wao uliorudi na windo, wakaivuta ndani wenyewe. Wavuvi wetu wanaotega ndoano wataitambua hila hiyo.

Mtu akitaka kuufananisha moyo na damu hii hatakosa mfano, kwani kijicho na kiburi navyo havina chakula chao wenyewe. Hula elimu yetu, sala zetu na sadaka zetu, vikanenepa. Ila nasita kuuvuta mfano huo mbali, kwa sababu jambo lililobaki ni zito kwa mwili wenyewe, nalo lahusu mizani niliyoitaja mwanzo.

Mwaka 1978 madaktari waliandika juu ya wafugaji wa Kisomali waliopungukiwa na chuma. Watu 71 walipewa chuma, na 67 wakapewa vidonge visivyo na kitu. Kwa hawa wa pili yalitokea maambukizo 7; kwa wale waliopewa chuma yalitokea 36, na ndani yake malaria, kifua kikuu na homa ya maziwa mabichi iitwayo brusela yaliamka kutoka mahali yalikokuwa yamelala. Waliopewa dawa ya kuwatia nguvu, wamewalisha na maadui zao. Mwaka 2009 mwanasayansi mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago alikufa kwa bakteria wa tauni aliokuwa akiwachunguza, na bakteria hao walikuwa wamedhoofishwa, hawana tena uwezo wa kunasa chuma, hata wakahesabiwa kuwa si wa kutisha. Baada ya kifo chake ilionekana kwamba alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaoujaza mwili chuma kupita kiasi. Wachunguzi wakaeleza kwamba yamkini wingi huo ndio uliowapa wale dhaifu kile walichokuwa wamenyang'anywa.

Na karibu nasi zaidi ni Pemba. Huko watoto zaidi ya 24,000, wenye umri wa mwezi 1 hadi 35, walihusika katika uchunguzi wa kutoa chuma, folati na zinki. Mwaka 2003 utoaji wa chuma na folati ulisimamishwa, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 ilijulikana kwamba watoto waliopewa chuma na folati walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali. Huko Nepal, mahali pasipo malaria nyingi, madhara hayo hayakuonekana. Kijidudu cha malaria si bakteria, lakini naye yumo katika mashindano hayo hayo ya damu. Tena huwafungulia bakteria mlango, kwani uchunguzi wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba malaria ni chanzo kikubwa cha bakteria kuingia katika damu ya watoto.

Naogopa mama mmoja asije akayasoma haya akavitupa vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Asifanye hivyo! Upungufu wa damu nao huua. Huua akina mama katika uzazi na hudumaza akili za watoto. Huko huko Pemba, katika kundi dogo la watoto waliokuwa wakipimwa na kutibiwa malaria kwa karibu, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walipata nafuu kwa kupewa chuma. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba katika nchi za malaria chuma kitolewe kwa watoto pamoja na hatua za kukinga, kupima na kutibu malaria. Lenye hatari ni mtu kujinunulia dukani vidonge na chupa za dawa ya damu na kumnywesha mtoto aliye na homa, bila ya kupimwa, kwa kuwa jirani kasema. Apimwe kwanza, malaria itibiwe, alale ndani ya chandarua, na kipimo cha chuma kitoke kwa mganga wa hospitali.

Ama mtoto mchanga, riziki yake imekwisha kupimwa. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, na hicho kidogo mtoto hukipokea vizuri sana kuliko chuma cha maziwa mengine. Na Kurani Tukufu imewaelekeza akina mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Dang'a, yale maziwa mazito ya siku za kwanza, ina laktoferini nyingi kuliko maziwa yafuatayo baadaye. Katika sehemu nyingi wako bado wakunga wanaomwambia mzazi aikamue na kuimwaga chini, kwa kuwa ina rangi ya manjano nao huidhania ni uchafu.